Kiwanja Namba Kumi na Nne

Kabla ya kuwa kisiwa ilikuwa rangi tu,
kijani kilichopauka katikati ya ghuba ya Florida,
kina cha futi nne, tope, nyasi za bahari,
na nguva mmoja aliyekuja kula asubuhi.

Ndipo akaja Lucius Tharp, muuza baiskeli kutoka Ohio,
akachora yai kwenye leso ya mezani hotelini,
akaliita Isla Clemencia.
Aliuza viwanja ishirini na saba
kabla ya koleo moja la mchanga kutua.
Wanunuzi walipelekwa kwa motaboti
wakaonyeshwa nguzo zilizochomekwa majini:
hapa sebule; hapa, bibi, mawaridi yako.
Wakatia saini juu ya mawimbi.

Baba wa babu yangu, Theophilus Moxey,
alitoka Exuma na mashati mawili
na jino la dhahabu ambalo halikuwa la dhahabu.
Kazi yake, kushika bomba.
Bomba lilinyonya sakafu ya ghuba na kuitapika:
chaza, mizizi, samaki wangali hai,
tope linalonuka yai viza.
Siku mia mbili na tisa,
dola moja na robo kwa siku, viatu ujiletee.
Siku ya mwisho, husimuliwa nyumbani,
alipiga chafya, jino likamtoka,
likaenda na tope. Msimamizi hakuzima mashine.

Mchanga ulipokauka ukawa mweupe.
Minazi ililetwa kwa treni, mirefu tayari,
kama wageni waliofika wamekwisha kuvaa.

Mimi ni karani wa masijala ya kaunti, chumba cha chini,
nazipiga picha hati kuukuu kabla mende hawajazimaliza.
Jumanne nilifikia kiwanja namba kumi na nne.
Ibara ya sita: paa liwe la vigae vyekundu.
Ya saba: ni marufuku kufuga kuku.
Ya nane: asiye mweupe asilale kisiwani,
ila awe mtumishi, na mtumishi asivuke daraja
baada ya magharibi bila barua ya bwana wake.
Nilisoma mara mbili. Nilikuwa nakula biskuti.
Kuku, kisha sisi.
Makombo yalidondokea muhuri, nikayapuliza.

Baadaye kimbunga kiliyang'oa mapaa kumi na moja,
vigae vyekundu vikaonekana hadi bara.
Tharp alikufa anadaiwa na muuza barafu.
Vita vikaja, wanajeshi wakalala kwenye kumbi za dansi,
wakachonga majina ya wapenzi kwenye milango ya mninga.
Sheria ilipoifuta ibara ya nane,
bei iliinuka taratibu, ikakaa kwenye kiti chake.

Juzi, Oktoba, maji makuu, nilikwenda.
Barabara ya kisiwa ni ya umma, kisheria,
kwa hiyo mlinzi, Wilner Dorcéus, alininyanyulia kizuizi,
ila aliandika namba ya gari langu
na kuniomba radhi kwa kuiandika.

Hakukuwa na mvua. Maji yalipanda kutoka chini,
kupitia mifereji, kupitia nyufa za lami,
maangavu, bila haraka,
kama mtu anayerudi kuchukua mwavuli wake.
Pampu zilinguruma nyuma ya nyua za maua.
Mkizi aliruka barabarani, akagonga ringi ya gari la fedha.
Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi;
lakini hapa palikuwa na kamera tu, ikigeuza shingo.

Namba kumi na nne inauzwa. Milioni thelathini na moja,
ufukwe binafsi, "ardhi ya kihistoria."
Nikavua viatu.
Mchanga uliopasua lami ulikuwa wa kijivu, sio mweupe,
na ulinuka jinsi nilivyosimuliwa.
Nikainama, nikapitisha vidole.

Wilner alikuja na buti zake za mpira
akauliza kama kuna kitu nimepoteza.
Jino, nikamwambia.
Alicheka. Kisha akaenda kibandani
akaleta tochi.